Kilo zako na figo zako: dokta anajibu barua zenu

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kwamba unene peke yake, hata bila kisukari, unaweza kuchosha figo, basi meseji zikamiminika mpaka mhariri akanipa ukurasa mzima. Nimechagua zile zinazobeba maswali ya wengi, nimezifupisha na majina nimeyatoa. Wengine mtajikuta humuhumu.

Shikamoo dokta. Mi ni dereva wa basi, miaka 41, kilo 112, urefu sentimita 170. Kampuni ilitupeleka kupima afya, sukari yangu iko sawa, presha 138 kwa 88, kreatinini 98 wakasema figo nzima, ila kwenye mkojo wameandika protini plasi mbili. Nikarudia baada ya wiki ikatoka vilevile. Jamaa wa maabara akasema we punguza nyama tu. Sasa kama figo nzima hiyo protini inatoka wapi? – Msomaji, Dodoma

Marahaba kaka, na hongera kwa kurudia kipimo bila kusukumwa na mtu, maana wengi wakishasikia kreatinini iko sawa wanakunja karatasi inaishia kwenye droo.

Nianze na nyama. Protini ya kwenye mkojo wako haitoki kwenye sahani, kwa kawaida hiyo ni albumini, protini ya damu yako mwenyewe ambayo figo inatakiwa iizuie isipite. Kreatinini inapima kitu kingine kabisa, inatuonyesha figo zinachuja kwa kasi gani. Nimeiweka hiyo 98 yako kwenye hesabu ya eGFR, yaani makadirio ya hiyo kasi ya kuchuja, kwa mwanaume wa miaka 41 inakuja kama 86, sio mbaya hata kidogo, lakini kasi nzuri na mkojo wenye albumini vinaweza kukaa pamoja miaka na miaka, na hapo ndo watu wenye uzito kama wako wanapotupotea, wanapimwa damu tu wanaambiwa uko fiti nenda nyumbani.

Iko hivi. Kila figo ina vichujio vidogodogo kama milioni moja, umezaliwa navyo na haviongezeki. Mwili wa kilo 112 una kazi nyingi kuliko mwili wa kilo 70 ila vichujio ni vilevile, kwahiyo kila kimoja kinasukumiwa damu nyingi zaidi, presha ya ndani yake inapanda, kinatanuka. Si unajua unavyochuja tui la nazi, ukikamua taratibu linatoka tui safi, ukijaza machicha mengi ukakamua kwa nguvu zako zote nyuzi zinaachana na machicha yanaanza kupita. Ndo kinachotokea, na baada ya miaka baadhi ya vichujio vinaota kovu vinakufa, vilivyobaki vinabeba mzigo wa waliokufa, navyo vinachoka. Kibaya ni kwamba mwanzoni figo iliyozidishiwa kazi inaweza kuonyesha eGFR ya juu kabisa, mtu anafurahi, kumbe ndo inakimbizwa.

Halafu kuna mafuta ya tumboni, sio yale unayoyashika kwa vidole, yale ya ndani yanayozizunguka figo zenyewe. Yanazibana na yanaamsha homoni zinazofanya figo ing'ang'anie chumvi na maji, presha inapanda. Ndo maana hiyo 138 kwa 88 yako siwezi kuiacha ipite kama ilivyo, mtu mwenye albumini kwenye mkojo tunataka akae chini ya 130 kwa 80.

Mambo haya hayajaanza leo. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wanene sana waliokuwa wanamwaga protini nyingi kwenye mkojo. Mwaka 2006 yakatoka matokeo ya watu 320,252 wa California waliofuatiliwa muda mrefu, wenye BMI, yaani kilo ukigawa kwa urefu wa mita mara urefu tena, kati ya 30 na 35 hatari yao ya figo kufeli kabisa ilikuwa mara tatu na nusu ya wale wenye uzito wa kawaida, kati ya 35 na 40 ikawa mara sita. BMI yako wewe ni kama 38.8. Sasa usiache kula kwa hofu, kati ya watu wote hao waliofeli figo kabisa ni 1,471, haifiki mtu mmoja kwa kila 200. Nachotaka uone ni kwamba uko kwenye kundi linalotakiwa kufuatiliwa na umewahi, figo zako bado zina nguvu.

Kabla hatujakitupia kitambi lawama zote kuna wengine wa kuwatoa kwenye orodha. Omba upimwe VVU, homa ya ini B, na kichocho kama umekulia karibu na ziwa au mabwawa ya mpunga, maana vyote hivyo vinaweza kutoa protini, na UTI au homa siku ya kipimo nayo inaweza. Omba kipimo kinachoitwa uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, kinatupa namba kamili badala ya plasi plasi, tunataka iwe chini ya miligramu 30 kwa gramu. Fanya ultrasaundi ya figo. Baada ya miezi mitatu rudia, ikiwa bado ipo basi ni ugonjwa sugu wa figo hata kama kreatinini inapendeza. Daktari anaweza kukuanzishia losartan au dawa za ukoo huo, zinashusha presha mpaka ndani ya kichujio chenyewe na protini inapungua, ila ukianza arudie kukupima kreatinini na potasiamu baada ya wiki moja au mbili.

Uzito, usiwaze kurudi kilo 70 mwaka huu. Lenga kilo 6 mpaka 10 kwa miezi kadhaa, na watu wengi protini inaanza kushuka hata kwa kilo hizo chache, hili nalishuhudia kliniki na ndo kitu kinachonipa moyo kuliko vyote kwenye kazi hii. Najua maisha ya barabarani, pale mnaposimama kula ni chipsi mayai au wali nyama wa haraka na soda baridi. Anza na soda. Chupa ya nusu lita ina sukari karibu gramu 50, zaidi ya vijiko kumi vya chai, unakunywa mbili kwa safari unashangaa kilo zinatoka wapi. Weka maji. Kwenye chipsi acha kuongeza chumvi ya juu, bora uombe ndizi za kuchoma na nyama choma na kachumbari. Ukifika kituoni usikae kwenye kiti, shuka utembee.

Mawili ya mwisho kwako. Mgongo ukiuma usiwe mtu wa diclofenac kila siku, hizo dawa zinabana damu inayoingia kwenye figo. Na muulize mkeo kama unakoroma halafu pumzi inakatika katikati ya usingizi. Wanene wengi wanayo, inapandisha presha, na kwa dereva kuna hatari nyingine ya kusinzia mchana na abiria nyuma. Kama ipo kamwambie daktari wiki hii.

Dokta nina miaka 26, nilinunua dawa ya unga ya kutoa tumbo kwa dada mmoja anauza insta, ni ya mitishamba haina kemikali. Wiki mbili nimetoa kilo 7 nimefurahi sana ila naharisha kila siku, miguu inakaza usiku, mkojo umekuwa mchache na mweusi kama chai. Anasema ni sumu inatoka niendelee mpaka mwezi uishe. Niendelee? – Msomaji, Arusha

Acha leo mdogo wangu. Ukimaliza kusoma hii nenda hospitali na pakiti mkononi, hata kama imebaki tupu, wakupime kreatinini, potasiamu, sodiamu na mkojo. Usisubiri Jumatatu.

Zile kilo 7 sehemu kubwa ni maji. Nyingi ya chai na unga wa hivi ndani kuna sanamaki au majani mengine ya kuharisha, na zingine watengenezaji wanachanganya dawa za hospitali za kukojoza kama Lasix bila kuandika popote. Unaharisha unapoteza maji na potasiamu, misuli inakaza, damu inayofika kwenye figo inapungua, na figo ikikosa damu inapunguza mkojo. Mkojo mchache wenye rangi ya chai ni figo inaomba msaada, hiyo habari ya sumu inatoka usiisikilize kabisa. Ukiwahi, mara nyingi inarudi vizuri kwa maji na matibabu. Ukichelewa inaweza isirudi.

Na hilo neno mitishamba naomba nilijibu kwa kisa cha kweli, maana kila mwezi napata msichana mmoja analitaja kama kinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 pale Brussels, Ubelgiji, kulikuwa na kliniki ya kupunguza uzito, wanawake wakipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Dawa moja ikabadilishwa, mmea mmoja ukaingia mahali pa mwingine kwa sababu majina yao ya Kichina yanakaribiana, na huo ulioingia ulikuwa wa jamii ya Aristolochia ambao una sumu inayoua figo. Wanawake vijana wenye afya zao wakaanza kufeli figo, madaktari wakaandika habari zao mwaka 1993. Waliojulikana walipita 100, wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo, na miaka iliyofuata wengi wao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hiyo ilikuwa kliniki, ina madaktari, ina faili la kila mgonjwa. Wewe unga wako haujaandikwa hata majina ya majani yaliyomo.

Kutaka kupungua sikulaumu, ni hamu nzuri, tutaifanyia kazi pamoja ukishapona. Kilo nusu mpaka moja kwa wiki inatosha sana.

Assalam aleikum dokta. Mume wangu yuko kwenye kusafisha damu mwaka wa pili sasa, mara tatu kwa wiki. Alikuwa na mwili, sasa mabega yamechongoka, ndugu zake wanasema mashine inamnyonya. Mimi nikasikia unene ni mbaya kwa figo nikawa nampa uji mwepesi na mboga tu asinenepe. Cha ajabu mizani ya pale kitengoni inasoma kilo zilezile 64 kila akitoka. Nikisoma mlivyoandika nachanganyikiwa, anatakiwa apungue au aongezeke? – Mama wa Tanga

Waaleikum salaam mama. Nakuomba usome jibu hili mara mbili, na usijilaumu, umefanya ulichosikia.

Ushauri wa kupunguza mwili tunaompa mtu ambaye figo zake bado zinafanya kazi sio wa mumeo. Akishafika kwenye mashine hesabu inageuka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wanaona kitu kilekile nchi baada ya nchi, kwamba kwenye dayalisisi wenye mwili kidogo wanaishi muda mrefu kuliko waliokonda. Sababu bado zinabishaniwa, ila hakuna anayebisha kwamba anayepoteza misuli yuko hatarini. Kila kipindi cha mashine kinaondoka na sehemu ya protini, ugonjwa wenyewe unakata hamu ya kula, na sasa uji mwepesi juu yake.

Anatakiwa ale protini kama gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kwa kilo 64 ni gramu 64 mpaka 77. Yai moja lina kama 6, kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20. Kwahiyo mayai mawili asubuhi, samaki wa maana mchana, kuku au samaki tena usiku, na wali wake au ugali wake. Samaki asiwe ng'onda maana chumvi itampa kiu. Maharage na dagaa msiamue wenyewe, muulize kwanza mtu wa lishe pale kitengoni kulingana na vipimo vyake vya potasiamu na fosfeti. Kwa ajili ya hiyo potasiamu, madafu, parachichi na ndizi mbivu ziwe za kipimo, mchicha uchemshe umwage maji ndo uunge.

Sasa hizo kilo 64, hapa ndo umeniogopesha na ni vizuri umeandika. Pale kitengoni wana namba wanaiita uzito mkavu, ni uzito ambao mtu anatakiwa kuwa nao baada ya mashine kutoa maji yote ya ziada. Mashine inapangwa imfikishe kwenye namba hiyo. Mwili ukiisha nyama na namba isibadilishwe, pengo la nyama linajazwa na maji, mizani inasoma 64 ileile kila mtu anaona sawa, kumbe humo ndani nyama imepungua labda kilo 3 na maji yamezidi kilo 3. Mwangalie usiku, anaweza kulala chali au anataka mito miwili mitatu? Mbonyeze juu ya kifundo cha mguu kwa kidole gumba, uhesabu mpaka kumi taratibu, uachie. Kama kinabaki kishimo ni maji. Presha inakataa kushuka hata baada ya mashine? Kipindi kijacho nenda naye, mwambie nesi au daktari maneno haya, "naomba uzito mkavu wake uangaliwe upya, amekonda." Wataelewa mara moja. Akikosa pumzi akiwa amelala msisubiri siku yake ya mashine.

Kati ya kipindi na kipindi, kila lita ya kitu cha kunywa inayobaki mwilini ni kilo moja kwenye mizani, na humo hesabu uji, chai, supu na barafu. Na ndugu zake waambie mashine haimnyonyi, ndo inayomuweka hai, anachohitaji ni chakula.

Mambo dokta, mi mwembamba kilo 53 sijawahi kuwa na kitambi maishani, kwahiyo hii mada hainihusu si ndio? – Msomaji, Kigoma

Inakuhusu. Presha, kisukari, VVU, kichocho, dawa za maumivu za kila siku, vyote havichagui mwembamba. Na kuna mtego wa kwako peke yako, kreatinini inatengenezwa na misuli, mtu mwenye misuli kidogo anaweza kusoma namba nzuri wakati figo zimeshashuka. Ukipima mwambie daktari aangalie na mkojo, na kama kuna mashaka na hospitali ina uwezo kuna kipimo kinaitwa sistatini C hakitegemei sana misuli. Halafu wembamba wenye kitumbo kidogo mbele sio wembamba salama, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, mwanaume ikipita sentimita 94 tuongee.

Dokta napiga gym, nakula unga wa protini na kreatini, kipimo cha figo kikatoka 128 wakanitisha nitaishia kwenye mashine. – Msomaji, Nakuru

Vijana wenye misuli mikubwa wanaotumia kreatini, ile poda ya mazoezi, hiyo namba ya kreatinini hupanda bila figo kuumia, kwa sababu hiyohiyo niliyomwambia wa Kigoma ila imegeuzwa. Acha kreatini wiki tatu hivi, siku mbili kabla ya kipimo usinyanyue vyuma vizito wala kula sahani kubwa ya nyama, rudia damu na mkojo pamoja. Mkojo ukiwa safi na namba imeshuka pumua. Isiposhuka, au mkojo ukiwa na albumini, unga uache na umuone daktari wa figo. Na kama humo kwenye begi kuna sindano za kukuza misuli, hizo zinaharibu figo kweli, mwambie daktari ukweli wote.

Habari dokta, nina sukari miaka 9, kilo 101, albumini kwenye mkojo 340. Binti yangu yuko ng'ambo anasema kuna sindano ya wiki inapunguza mwili na kulinda figo, anataka kunitumia. Kuna mtu hapa mtaani pia anauza bei nusu. – Mama, Mombasa

Salama mama yangu, shikamoo. Binti yako kasema kweli. Dawa inaitwa semaglutide, na mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu 3,533 wenye kisukari cha ukubwani na figo zilizoanza kuumia, watu kama wewe kabisa. Waliochoma miligramu 1 kwa wiki matukio makubwa ya figo, yaani figo kushuka vibaya, kufeli, au kifo cha figo au moyo, yalipungua kwa asilimia 24 ukilinganisha na waliopewa sindano isiyo na dawa. Januari 2025 Marekani wakaipitisha rasmi kwa kazi hiyo ya figo kwa wenye kisukari.

Lakini isije kama zawadi kwenye begi. Lazima kuwe na daktari anayekupandisha dozi polepole, maana mwanzoni inaleta kichefuchefu na kuharisha, ukitapika sana maji yakakuishia figo zinaumia kwa dawa iliyokuja kuzilinda. Kama unachoma insulini au unameza dawa za kushusha sukari dozi inabidi iangaliwe upya. Inatunzwa kwenye baridi, sasa fikiria safari ya ndege na joto la Mombasa. Na ya mtaani bei nusu usiiguse, Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo Juni 2024 kuhusu semaglutide feki zilizokamatwa nchi mbalimbali, na mtu anaweza kujidunga kitu kingine kabisa.

Kabla hata ya sindano muulize daktari wako kama umeshapewa losartan au wenzake, na vidonge vya dapagliflozin au empagliflozin. Hivyo vinalinda figo pia, ushahidi wake ni mzito, na unavinunua duka la dawa bila kusubiri begi la mtu. Kwa albumini 340 sitaki ukae bila kitu hata mwezi.

Dokta mwanangu alizaliwa kabla ya wakati na kilo 1.8, tukamlisha kwa bidii, sasa ana miaka 8 kilo 44, bibi yake anajivunia sana. Mwalimu wa shule ndo kaniambia nimpeleke kupima presha, mtoto wa miaka 8 presha kweli? – Mama wa Mwanza

Mwalimu huyo mshukuruni. Vichujio vya figo vinatengenezwa mtoto akiwa tumboni na kazi inaisha karibu wiki ya 36 ya mimba. Anayezaliwa mapema au na kilo chini ya 2.5 mara nyingi anaanza maisha na vichujio pungufu, na tangu mwaka 1988 wataalamu wa figo wamekuwa wakieleza kwamba upungufu huo ndo mlango mmoja wa presha na ugonjwa wa figo ukubwani. Sasa mtoto aliyezaliwa na vichujio pungufu akiwa mnene, figo ndogo inabeba mwili mkubwa, na kwake inakuwa mapema kuliko kwa dereva wetu wa Dodoma.

Kwahiyo ndio, presha, angalau kila mwaka, na mkanda wa mkononi uwe wa saizi ya mtoto maana wa mkubwa unadanganya. Mkojo upimwe protini. Usimuweke kwenye dayati, anakua bado, tunataka kilo zisimame wakati urefu unaongezeka. Juisi za pakiti, biskuti za kila siku na chipsi za njiani vipungue kwa nyumba nzima sio kwake peke yake, na acheze nje mpaka atoke jasho. Bibi msimgombeze, huyo ndo alimuokoa yule wa kilo 1.8. Mwambieni kazi ile kaimaliza vizuri, sasa figo za mjukuu zinaomba asiongezewe sahani ya pili.

Nataka kumpa dada yangu figo. Damu zinaendana, ila wamenirudisha, nina kilo 96 na urefu sentimita 163, wanasema nipungue kwanza. Mi siumwi chochote, dada yuko kwenye mashine anateseka, kwanini kilo zangu zimzuie? – Msomaji, Dar es Salaam

Pole, na moyo wako ni mkubwa. Toka Muhimbili waanze kupandikiza figo Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ikafuata 2018, familia nyingi zimefika hapohapo ulipofika wewe, na inauma.

Ukitoa figo moja ile inayobaki inatanuka na kuchuja zaidi ili kufidia, na kwa mtu wa uzito wa kawaida inaweza hiyo kazi maisha yote. Kwako figo hiyo moja itabeba fidia ya mwenzake pamoja na mzigo wa uzito kwa wakati mmoja, halafu upasuaji wenyewe na kidonda vinakuwa vigumu zaidi kwa mnene. BMI yako ni 36. Vituo vingi vikiona imepita 35 vinasita, kati ya 30 na 35 wanamwangalia mtu mmojammoja. Wanakulinda wewe, kwa sababu sheria ya kwanza ya upandikizaji ni kwamba mtoaji asiondoke mgonjwa.

Ukishuka chini ya kilo 93 umetoka kwenye 35, ukifika 79 uko chini ya 30. Waombe wakuandikie uzito wanaoutaka na tarehe ya kurudi, wakuunganishe na mtu wa lishe, usijaribu unga wowote wa insta maana ukiharibu figo hapo umewapoteza wawili. Wakati unapungua wakupime sukari ya saa mbili baada ya kunywa glukosi, albumini ya mkojo na presha ya saa 24, vitu ambavyo watavitaka hata hivyo, ili siku ukirudi na kilo zako faili liwe limekamilika. Na wengine kwenye familia wapimwe pia sasa hivi, msimtegemee mtu mmoja.